Seva Ikianguka, Usiamini Picha ya WhatsApp

Seva ikizima ghafla hapa Nairobi, mshukiwa wa kwanza ni stima. Mara nyingi ni kweli. Ila kabla hujamwita fundi wa UPS (betri ya akiba), andika `journalctl -b -1 -e` usome mwisho wa logi (daftari la matukio ya mashine) ya mara iliyotangulia kuwashwa. Ukiikuta imekatika katikati ya kazi, usifurahie haraka: keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, ikifa nayo, aghalabu haiwahi kuandika chochote kwenye diski, na logi hukatika vilevile. Kama mashine ina IPMI, kifaa cha ndani kinachoiangalia hata ikiwa imezimika, `ipmitool sel list` huweza kukuonyesha iwapo umeme ulipotea.

Shahidi wa kifo cha keneli lazima aandaliwe mapema. Mimi nawategemea watatu. Wa kwanza ni kdump: unatenga kumbukumbu (RAM) kidogo wakati wa kuwasha, tuseme `crashkernel=256M`, humo inakaa keneli ya pili inayosubiri. Ya kwanza ikianguka, ya pili inaamka na kuhifadhi nakala ya kumbukumbu, kwa kawaida ndani ya `/var/crash`. Wa pili ni netconsole, inayorusha ujumbe wa keneli kupitia mtandao, kwa UDP, hadi mashine nyingine. Ni nafuu sana kwa tawi lililo mbali kama Industrial Area wakati wewe umekwama kwenye foleni ya Mombasa Road. Wa tatu ni pstore, ambayo kwenye mashine nyingi za UEFI (programu ya kuwashia ya kompyuta za kisasa) huacha maneno ya mwisho ndani ya chipu. Yatafute `/sys/fs/pstore` au `/var/lib/systemd/pstore`.

Kdump usiyoijaribu ihesabu kuwa haipo. Tafuta saa ambayo wateja wamelala, andika `sync` ili data iandikwe diskini, kisha kama root (msimamizi mkuu) `echo c > /proc/sysrq-trigger`. Mashine itaanguka kwelikweli. Isipoacha faili, heri ujue usiku huo.

Sasa ile picha ya WhatsApp. Askari wa zamu anapiga picha ya skrini, anakutumia, na kinachosomeka ni mstari wa chini tu: `Kernel panic - not syncing: Fatal exception`. Huo hausemi lolote la maana, maana habari yenyewe ilishapanda juu na kupotea. Unachotaka ni ule mstari wa `Oops` (tangazo la kosa la keneli) wenye `[#1]`, yaani kosa la kwanza. Ukiona `[#2]` au `[#3]`, unasoma matokeo ya ajali ya awali, rudi nyuma. Halafu tazama `Tainted`, herufi za alama za hali ya keneli. Herufi D inasema keneli ilishakufa mara moja kabla ya hapo, na O inasema kuna moduli (kipande cha programu kinachopachikwa kwenye keneli) iliyotoka nje ya keneli. Ukiiona O, na juzi ulijijengea draiva ya kadi ya WiFi uliyonunua Luthuli Avenue, anza na hiyo draiva. Mstari wa `RIP` unataja fanksheni iliyokuwa ikitekelezwa, na `Call Trace` inaonyesha ilivyofikiwa, ukiisoma kutoka chini kwenda juu.

Ukiomba msaada, usimtumie mtu faili nzima ya vmcore, ile iliyohifadhiwa na kdump. Ni nakala ya kumbukumbu, huenda ina nywila na data za wateja, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haijali kwamba ulikuwa unatafuta hitilafu. Pembeni yake kdump huweka faili dogo la maandishi: `vmcore-dmesg.txt` kwenye Linux za familia ya Red Hat, au linaloanza na `dmesg.` kwenye zile za Debian na Ubuntu. Lipitie kwanza, kisha litume pamoja na toleo la keneli lililokuwa likiendeshwa siku ya ajali.