Maswali ya Wasomaji: Vichekesho vya YouTube na Mwenye Duka la Mabati

SWALI: Tuko vijana wanne Shangani, Mtwara. Kila Ijumaa tunatoa kipindi cha vichekesho YouTube, na waliosabskraibu ni 740 tu. Mwenye duka la mabati Masasi ametupa tangazo lake la televisheni tulibandike katikati ya kipindi. Tumtoze vipi? Au tusubiri kwanza YouTube waanze kutulipa?

JIBU: Msisubiri. YouTube hawagawi fedha za matangazo mpaka mfikishe sabskraiba 1,000, pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 au video zenu fupi (Shorts) zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Hata mkifika, mgawo wenu kwenye video ndefu ni asilimia 55. Mwenye mabati anaweza kuwalipa wiki hii.

Ila tangazo lake msilibandike. YouTube hawaruhusu tangazo lililotengenezwa na mdhamini kuchomekwa ndani ya video. Wanaruhusu mumtaje kwa maneno yenu, au bidhaa yake iwemo kwenye mchezo, nanyi mtie tiki sehemu ya promosheni ya kulipiwa mnapopakia. Kusema kweli, njia hiyo ndiyo inayouza. BMW walitoa filamu fupi za mtandaoni mwaka 2001, YouTube haijazaliwa, na gari lilikuwa ndani ya hadithi yenyewe. Nanyi andikeni kituko: mvua inapiga, mwenye nyumba anahangaika na sufuria akifuata matone, jirani aliyeezeka juzi anakoroma.

Bei msiipange kwa idadi ya sabskraiba. Duka la Masasi halipati kitu kwa mtazamaji wa Nairobi, kwa hiyo fungueni takwimu za YouTube Studio (sehemu ya kusimamia chaneli yenu) mumwonyeshe watazamaji wanatoka wapi na wanatazama dakika ngapi. Kama video ni ya dakika 9 na wengi wanaondoka dakika ya 3, jina lake likikaa dakika ya 6 amelipia hewa. Liwekeni mapema, sekunde 20 hadi 30 zinatosha.

Kisha mpeni neno la kipindi, nanyi mlitaje kwenye video. Mteja akilitaja dukani anaongezewa nusu kilo ya misumari, na muuzaji anachora mstari kwenye daftari la kaunta. Baada ya vipindi 4 hesabuni mistari. Hiyo ndiyo karata yenu ya kupandishia bei. Mkataba uandikwe, hata ukurasa mmoja: vipindi vingapi, nani anaidhinisha kabla ya kupakia, marekebisho mangapi bila malipo ya ziada, na nusu ya fedha kabla ya kurekodi. Hilo la marekebisho ndilo huleta ugomvi. Na mfuateni kabla ya Oktoba, fedha za minada ya korosho zisije zikaingia mikononi mwa wakulima nanyi bado mnajadiliana.

SWALI: Niko Lindi mjini. Salio langu la AdSense (akaunti ya Google inayolipa mapato ya YouTube) lilipita dola 10 miezi miwili iliyopita, lakini barua ya PIN, yaani namba ya kuthibitisha anwani, haijafika.

JIBU: Barua hiyo huja kwa posta ya kawaida. Kosa la kila siku ni kuandika mtaa na "karibu na msikiti" bila S.L.P. Rekebisha anwani, weka namba ya sanduku (la ofisi au la ndugu linafaa, mradi akujulishe), kisha omba PIN nyingine. Usizembee: ikipita miezi 4 tangu ya kwanza ilipotolewa bila kuingiza tarakimu hizo 6, matangazo yanasimamishwa. Malipo yenyewe hutoka salio likifika dola 100. Jaza pia fomu ya kodi ya Marekani. Usipoijaza, makato yanaweza kugusa mapato yako yote badala ya yale ya watazamaji wa Marekani tu.

SWALI: Tulirekodi mbele ya duka lililokuwa linapiga singeli. Sasa mapato ya video yanakwenda kwa mwenye wimbo, ingawa tuliandika "haki zote ni za msanii".

JIBU: Maneno hayo hayasaidii kitu. Ingia YouTube Studio, ufute sauti ya kipande hicho au ubadilishe wimbo. Mazungumzo yakiwa yamechanganyika na muziki huenda yakaharibika, hivyo siku nyingine muombeni mwenye duka azime spika dakika kumi.