Prosesa mbili, kufuli moja

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, ilianza kutumia prosesa zaidi ya moja mwaka 1996, lakini nasikia kufuli lake kubwa halikuondoka mpaka 2011. Kwa nini miaka 15 yote? — Mwanafunzi, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Chukua kalamu. Kwenye kumbukumbu kuna hesabu, tuseme 7. Prosesa ya kwanza inaisoma, inajumlisha 1. Kabla haijaandika, ya pili nayo inasoma 7 ile ile. Zote mbili zinaandika 8, na jibu sahihi lilikuwa 9. Kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ikiandikwa kwa prosesa moja hujaa sehemu kama hizo.

Toleo 2.0 la Linux, kwa kazi aliyoianza Alan Cox, mmoja wa waandishi wake, lilizuia hilo kwa kufuli moja: prosesa moja tu ndani ya kerneli, nyingine ingoje mlangoni. Naliheshimu sana kufuli lile, maana programu za hesabu nzito zilienda sambamba tangu siku hiyo. Zilizogusa diski kila mara ndizo zilizopanga foleni.

Kuliondoa ndiyo kazi. Unapitia msimbo mstari kwa mstari, ujue katika kila sehemu kufuli lile linalinda nini, uiwekee kufuli lake dogo. Ukikosea mpangilio, prosesa moja imeshika kufuli A inangoja kufuli B, nyingine imeshika B inangoja A. Mashine inaganda kimya. Niliwahi kukesha siku mbili na kosa la namna hiyo. Nikiongeza mstari wa kuchapa ujumbe, linatoweka, nikiutoa, linarudi.