Maswali ya Wasomaji: Oili ya Giaboksi na Gia Inayoshtuka Asubuhi

SWALI: Ndugu Mshauri, ninamiliki Toyota Harrier ya mwaka 2005, injini ya lita 2.4, gia otomatiki. Ninaishi Njombe na husafiri mara kwa mara kwenda Dar es Salaam. Asubuhi za baridi gari hushtuka gia inapotoka ya kwanza kwenda ya pili, na nikipanda mlima Kitonga na mzigo injini hunguruma kwa nguvu kwa muda kidogo kabla ya gia kushika. Fundi wangu anataka kuweka oili ya giaboksi iitwayo Dexron III kwa kuwa ni nyekundu kama iliyomo. Muuza spea ananishawishi ninunue oili ya sintetiki ya kampuni nyingine, ambayo kopo lake linadai kufaa magari yote na kulainisha gia. Rafiki yangu anasema nisinunue kingine ila kopo la Toyota. Nimsikilize nani? (Msomaji, Njombe)

JIBU: Ndugu msomaji, katika hao watatu rafiki yako ndiye aliye karibu zaidi na ukweli, ingawa si lazima kopo liwe la Toyota. Kinachotakiwa ni oili iliyotengenezwa kwa kiwango ambacho giaboksi yako iliundiwa, na kwa Harrier yako kiwango hicho ni Toyota Type T-IV, ambacho kwenye makopo ya kampuni nyingine huonekana pia kwa namba JWS 3309. Mathalani, Mobil ATF 3309 imetengenezwa kwa kiwango hicho hicho.

Rangi haikuelezi lolote kuhusu ubora. Wekundu ni rangi iliyotiwa tu ili oili ya giaboksi itofautishwe na ya injini pale inapovuja. Kinachoamua jinsi gia inavyoingia ni mnato wa oili pamoja na viambato vya kurekebisha msuguano, ambavyo huamua namna klachi zilizomo ndani ya giaboksi zinavyokamatana. Wamarekani wana mfano mzuri wa jambo hili. Oili ya zamani ya Ford iliyoitwa Type F haikuwa na viambato hivyo, kwa hiyo klachi zilikamata ghafla na kwa nguvu, na wapenzi wa mbio za magari waliipenda kwa sababu hiyo hiyo. Dexron ya General Motors ilikuwa navyo, na gia zikaingia kwa ulaini. Oili zote mbili zilikuwa nzuri, kila moja mahali pake. Kompyuta ya giaboksi yako na solenoidi zake (vali ndogo za umeme zinazoongoza presha ya oili) zimepangwa kwa kutarajia msuguano wa T-IV, na ukiweka oili ya tabia nyingine, presha iliyopangwa itakuwa kubwa mno au ndogo mno kwa klachi zile zile. Hapo ndipo gari hushtuka au gia huteleza.

Kuhusu Dexron III, fundi wako ana sababu ya kuikumbuka, maana Toyota nyingi za miaka ya 1990 zilitumia oili ya jamii ya Dexron. Harrier yako si mojawapo. Zaidi ya hayo, General Motors iliacha kutoa leseni za Dexron III mwishoni mwa mwaka 2006, baada ya kuleta Dexron VI, kwa hiyo kopo linaloandikwa jina hilo leo halina mtu wa kulithibitisha isipokuwa aliyelijaza.

Oili za kufaa magari mengi si uongo zote. Nyingine zimetengenezwa kwa uangalifu na kampuni kubwa na zinafanya kazi vizuri. Hata hivyo, ili zifae pia giaboksi za kisasa, nyingi zimefanywa nyepesi: T-IV ina mnato wa karibu sentistoki 7 (namba ikiwa kubwa, oili ni nzito zaidi) kwenye nyuzi joto 100, ilhali Toyota WS iliyokuja baadaye ina karibu 5.5, na oili nyingi za namna hiyo huangukia karibu na 6. Kwa gari lenye umri wa lako, linalopanda Kitonga na mzigo, mimi ningechagua oili ya uzito wa T-IV yenyewe, na ikiwezekana ya sintetiki, kwa kuwa sintetiki hubaki nyepesi zaidi wakati wa baridi ya Njombe na hustahimili joto la mlimani. Usiweke WS; Toyota yenyewe haiihesabu kuwa mbadala wa T-IV. Soma kopo kwa makini, kwa sababu maneno kwamba oili inafaa kwa T-IV mara nyingi ni pendekezo la kiwanda cha oili tu, si idhini ya Toyota. Kopo lisilotaja kiwango chochote kwa jina usilinunue hata likiwa la bei rahisi, na oili inayopimwa kutoka kwenye pipa iache.

Kabla ya kununua chochote, naomba upime oili iliyomo, kwa sababu dalili ulizozieleza zinaweza kabisa kuletwa na upungufu wake. Endesha gari hadi oili ifike nyuzi joto 70 hadi 80, uliegeshe mahali tambarare, kisha injini ikiwa inanguruma ukiwa umekanyaga breki, pitisha gia kuanzia P hadi ya chini kabisa na kurudi P, ndipo uchomoe kijiti cha kupimia na usome alama ya HOT. Oili ikiwa ya kahawia iliyokolea na yenye harufu ya kuungua, klachi zimeshaungua kwa kiasi, na hakuna kopo litakalozirudisha. Ikiwa imegeuka kama maziwa ya waridi, maji ya rejeta yameingia. Simamisha gari siku hiyo hiyo. Kagua pia raba zinazoshikilia injini, kwani zikichoka mshtuko wake hufanana sana na wa gia.

Ukikuta oili ni nzima ila imechakaa, usikubali giaboksi ioshwe kwa mashine. Kumwaga kupitia nati ya sampo, yaani bakuli la oili chini ya giaboksi, hutoa lita tatu na nusu hivi, ambazo ni chini ya nusu ya oili yote, kwa sababu nyingine hubaki ndani ya toki konvata, kile kifaa kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi kwa njia ya oili. Mwaga, jaza kiasi kile kile kilichotoka, endesha wiki mbili, kisha rudia mara mbili zaidi. Mara ya kwanza fungua sampo, badilisha chujio, na uangalie sumaku zilizomo: matope laini ya kijivu ni ya kawaida, lakini vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole ni habari mbaya. Ulaini utauona polepole, pengine baada ya mara ya pili. Na unapopanda Kitonga, teremsha gia mapema mwenyewe badala ya kuiacha ipande na kushuka yenyewe, kwa maana joto la safari ile ndilo linaloila oili yako kuliko kilomita zote za barabara tambarare.

SWALI: Nissan X-Trail yangu ya mwaka 2010 ni CVT. Je, naweza kuweka oili hiyo hiyo ya T-IV? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Hapana, ndugu yangu. CVT haina gia zinazobadilishana, bali mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na oili yake lazima iuwezeshe mkanda huo kushika puli bila kuteleza. Oili ya giaboksi ya kawaida haikutengenezwa kwa kazi hiyo, na mkanda ukiteleza hukwaruza puli. Gari lako linahitaji Nissan NS-2, au oili ya CVT ya kampuni nyingine inayotaja NS-2 waziwazi. Ikiwa fundi tayari ameweka nyekundu ya kawaida, usiliendeshe hadi gereji. Livutwe, oili hiyo imwagwe, na NS-2 ibadilishwe zaidi ya mara moja mpaka ile ya kwanza iishe.