Wateja wanahamia kwa jirani: nimfukuze muuzaji wangu?

Pole, ndugu yangu. Umesema bidhaa na bei zako ni sawa na za jirani, ila wateja wanahamia kwake, na muuzaji wako anashinda ameinamia simu. Nusu ya jibu umeshajipa.

Usimfukuze kwanza. Niliajiriwa dukani miaka kadhaa kabla ya kufungua langu, na mara nyingi muuzaji hununa kwa sababu hana mamlaka. Mteja karudisha kitu kibovu, yeye hawezi kukibadilisha mpaka bosi apigiwe, na matusi anayala yeye. Mwekee kiwango anachoweza kuamua mwenyewe. Mfundishe bidhaa pia, mteja anayeuliza "hii inadumu?" akajibiwa "soma hapo kwenye boksi" harudi. Na kama kitu hamna, amwelekeze kwingine bila kinyongo. Wengi niliowaelekeza hivyo walirudi kwangu.

Mshahara wake unatoka kwa wakati? (Samahani, lazima niulize.)

Mpe mwezi au miwili. Asipobadilika, mwonye kwa maandishi, na kabla ya kumwachisha muone mwanasheria wa masuala ya kazi. Ukimtimua kwa hasira unaweza kudaiwa fidia.