Eksteno yenye nakala pekee ya picha za harusi, sasa inadai kufomatiwa

Mkuu, umeuliza mawili kwa pamoja. Eksteno yako (diski ya nje) ya TB 1 yenye picha za harusi za wateja imeanza kuvuta na kudai ifomatiwe, na unataka uelekezwe Kariakoo ukanunue ipi isiyokufa. Hilo la pili nalimaliza hapa hapa: haipo. Kosa lilianza siku uliyozihamishia picha huko kisha ukazifuta kwenye laptopu ili upate nafasi. Tangu hapo kazi ya watu imebaki nakala moja tu, ndani ya kisahani kinachozunguka mara 5,400 kwa dakika.

Tuanze na mgonjwa. Usifomati. Ujumbe ule maana yake kompyuta imeshindwa kusoma orodha ya faili. Picha zenyewe mara nyingi bado zipo. Usikimbilie chkdsk pia, ile amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, ingawa kila mtu atakushauri. Ile hurekebisha kwa kuandika juu ya diski hiyo hiyo, na diski inayokufa ukiilazimisha kuandika unaimalizia. Sikiliza kwanza: ikilia tik, tik, tik kwa mpangilio, chomoa papo hapo na usiiwashe tena. Hapo kichwa cha kusomea kinapapasa, na kila ukiiwasha kinaweza kuzidi kukwaruza kisahani. Huyo ni wa fundi mwenye vifaa vya kufungulia diski mahali pasipo na vumbi. Mambo ya kuiweka kwenye friji achana nayo. Na fundi akikwambia "niachie niifomati kwanza tuone", chukua diski yako uondoke.

Kama haitoi mlio huo, badilisha waya kabla ya kuilaumu diski. Ile pini pana ya USB 3.0 hulegea haraka, hasa kwa anayetembea na eksteno begini huku waya umechomekwa. Tundu la USB 2.0 linatoa miliampea 500 na la USB 3.0 linatoa 900. Ukiichomeka kwenye tundu la mbele la kompyuta ya mezani, au kwenye kigawanyio kisicho na chaji yake, inaweza kuanza kuzunguka kisha ikakosa nguvu na kuzima. Mtu akiiona hivyo anadhani imekufa.

Ikisomeka, fungua CrystalDiskInfo, programu ya bure, uangalie mistari ya 05, C5 na C6. Namba ziko safu ya mwisho, nazo kwa kawaida huandikwa kwa heksadesimali, kwa hiyo ukiona 10 pale ni 16. C5 ndiyo ya kuogopa: inahesabu sehemu ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado haijaamua izifanyeje. Ikiwa juu ya sifuri, toa faili zako siku hiyo hiyo, ukianza na zile ambazo mteja hawezi kuzipata kwingine. Visanduku vingine vya USB havipitishi taarifa hizi, kwa hiyo ukikuta patupu usijipe moyo kwamba diski ni nzima.

Ikiwa kunakili kunakwama kwama, tumia ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, kutoka kwenye flashi ya Linux. Andaa diski nyingine yenye nafasi kubwa kuliko uwezo mzima wa mgonjwa, halafu ukiwa ndani ya diski hiyo nyingine andika:

ddrescue -n /dev/sdX picha.img ramani.map

Mzunguko huu huchukua kwanza kila kinachotoka kirahisi. Ukimaliza unarudia kwa -r3 badala ya -n, nayo itavirudia vipande vilivyogoma mara 3. Hakikisha mara mbili kwamba sdX ndiye mgonjwa, maana hapa hakuna "rudisha". Baada ya hapo fanya kazi kwenye picha.img tu, yaani nakala ya diski nzima: tumia programu ya TestDisk kurudisha pati (mgawanyo wa diski wenye faili), ikishindikana PhotoRec, inayotafuta faili moja moja. PhotoRec haikurudishii majina ya faili wala folda, utapata maelfu ya picha zenye majina ya namba. Ni kazi ya wiki kuzipanga, lakini zipo.

(Kama eksteno inafunguka ila folda zote zimegeuka shotikati, huo ni ugonjwa mwingine, wa steshenari. Faili zimefichwa tu. Usibofye hizo shotikati. Safisha virusi kwanza, kisha andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha E kwa herufi ya diski yako.)

Sasa nakala. Kuna kanuni ya 3-2-1 iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh: nakala 3, kwenye aina 2 za vifaa, 1 ikae nje ya nyumba. Kwa Dar hiyo ya mwisho ndiyo watu huidharau, na ndiyo inayookoa. Mwizi akiingia hubeba begi zima, laptopu na eksteno iliyo mfuko wa pembeni. Maji ya Msimbazi yakipanda Jangwani hayachagui droo. Eksteno ya pili ikae kwa dada Kimara au ofisini, na mbadilishane mara moja kwa mwezi.

Mtandaoni usipeleke kila kitu. Kupandisha GB 500 kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde ni siku 4 na nusu mfululizo, bila bando kukatika. Peleka picha zilizochaguliwa, mikataba na hesabu. Kumbuka pia folda inayojisawazisha yenyewe haitoshi kuitwa bekapu: ukifuta huku, na kule inafutika.

Kunakili tumia Nakili, kamwe usitumie Kata. Kwenye Windows:

robocopy "D:\Kazi" "E:\Kazi" /E /R:2 /W:5

Usiongeze /MIR kama hujui inachofanya. Inafanya E ifanane kabisa na D, maana yake folda uliyoifuta D kwa bahati mbaya inafutwa na E. TB 1 kwa USB 3.0 ni kama saa 3 hivi, kwa USB 2.0 ni karibu saa 8. Ukimaliza, kwa faili nyeti andika certutil -hashfile jina SHA256 pande zote mbili, ulinganishe mfuatano wa herufi na namba unaotoka. Herufi zikitofautiana hata moja, nakili upya.

Ukienda kununua, "SSD ya TB 2" (SSD ni diski ya chipu, isiyo na kisahani kinachozunguka) inayouzwa bei ya kuku wawili ni kadi ya GB chache iliyofundishwa kusema uongo. Itapokea faili zote na majina utayaona, ila ukizifungua ni takataka, kwa sababu kilichozidi uwezo wake halisi kilitupwa au kiliandikwa juu ya kingine. Ipime kwa programu ya H2testw mpaka ijae yote, usipime GB 5 tu. Iache ikeshe, na mkubaliane na muuzaji kuhusu kurudisha kabla hujatoa hela.

SSD ya kweli inahimili kuanguka, lakini kwa kuhifadhi kabatini mimi siichagui. Faili iliyofutwa huwa ngumu kurudi ikiwa TRIM (amri inayoiambia SSD isafishe nafasi ya faili zilizofutwa) imeshapita, na SSD iliyochakaa ikikaa bila umeme kwenye joto hupoteza chaji polepole. Kipimo cha JEDEC, chombo cha viwango vya chipu, kwa SSD za kawaida ni mwaka 1 kwa nyuzi 30, ikiwa imeshatumika hadi mwisho wa uwezo wake wa kuandikwa. Chumba cha Dar mwezi wa pili kinapita nyuzi hizo.

Mengine ni nidhamu. Usiiinue eksteno ikiwa inazunguka. Itoe kwa "Eject", hata kama Windows 10 tangu toleo 1809 inaruhusu kuchomoa haraka, maana kuchomoa katikati ya kuandika hakujawahi kuruhusiwa. Kompyuta ya mezani iwe na UPS, ile betri ya kuishikilia umeme ukikatika. Zile eksteno kubwa za volti 12 zifunge lebo kwenye adapta, kwa sababu ya laptopu ya volti 19 inaweza kuingia tundu lile lile ikaunguza bodi. Fomati ya exFAT inasomeka Windows na Mac lakini haina kumbukumbu ya kujirekebisha umeme ukikatika; kama ni Windows peke yake, weka NTFS.

Na hiyo ya sasa, hata ukiifomati ikakubali na ikaonekana nzima, C5 ikiwa imeshapanda usiirudishie kazi za wateja. Ibandike karatasi ya "SINEMA TU", la sivyo miezi 6 ijayo utasahau ni ipi.