Jibu: Nije Pemba kipupwe au nisubiri vuli?

Assalaam alaykum ndugu yangu. Umeuliza, kwa likizo hiyo moja uliyonayo, uje kipupwe upate ubaridi au usubiri vuli uone karafuu. Mimi kwetu Wete na vuli ndiyo naipenda, kwa hiyo jua mapema naegemea wapi.

Kwanza pima tumbo lako baharini. Juni hadi Agosti kusi inavuma, na mkondo wa Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja boti inakopita, haumstahi mtu. Asiyezoea hutapika mpaka bandari ya Mkoani, Pemba. Huwezi? Panda ndege ushukie Chake Chake.

Oktoba na Novemba mvua inakuja na kuondoka, na karafuu zimeanikwa kila uwanja, hata kando ya barabara. Huanikwa zikiwa za kijani na wekundu kidogo. Jua likiwaka vizuri, siku chache tu zimeshakuwa kahawia iliyokolea. Wingu likitanda, watoto na bibi zao wanakimbilia majamvi. Usisimame kupiga picha, shika ncha moja na wewe. Usiku hata wali utaula mikono ikinukia karafuu.

Ila mikarafuu haizai sawasawa kila mwaka, basi kabla hujakata tiketi mpigie mwenyeji wako umuulize mavuno yakoje. Ubaridi utaukosa, hilo sikufichi.