Kuchanganya chapa za spika: za nyuma sawa, ya katikati hapana

Mkuu, umesema spika zako mbili za mbele za sinema ya nyumbani unazipenda, ya katikati ya toleo hilo haitengenezwi tena, na sasa unataka kuchukua ya katikati ya chapa nyingine na za nyuma za chapa ya tatu. Njia hiyo nimeipita mwenyewe, karibu miaka miwili, kwa hiyo nakueleza nilichokisikia.

Za nyuma changanya tu. Ya katikati usicheze nayo.

Maongezi ya filamu, sehemu kubwa mno, hutoka kwenye hiyo moja. Mimi niliweka ya kampuni tofauti na za pembeni, yaani za mbele kushoto na kulia, na kila moja ukiisikiliza peke yake ni spika nzuri kabisa. Usiku wa kwanza kuna mtu anatembea huku anaongea, kutoka kushoto kwenda kulia. Kushoto sauti yake kavu, kila "s" inachoma. Akifika katikati inakuwa nzito, kama kajiziba mdomo kwa kitambaa. Akivuka kulia, ukali unarudi. Mtu mmoja, koo mbili! Nikishaisikia hivyo, kila filamu nikawa naisubiri itokee.

Nikadhani maikrofoni ya resiva (kile kifaa kinachoziendesha spika zote), inayopima sauti chumbani ili resiva ijirekebishe, itamaliza kesi. Nikapima mara tatu. Ilisawazisha ukubwa wa sauti na umbali, ikapunguza ukali kidogo, basi. Shida ilikuwa kwenye twita, ile spika ndogo ya ndani inayotoa sauti nyembamba. Klipsch wanajulikana kwa twita za pembe, KEF wao huipachika twita katikati ya wufa, ile ya sauti nzito, wengine wanatumia kuba la kitambaa. Zote ni njia nzuri, ila kila moja inamwaga sauti chumbani kwa namna yake: nyingine inailenga mbele, nyingine inaisambaza hadi kuta za pembeni. Sauti inayogonga ukuta na kukurudia sikioni ina rangi yake, na hiyo resiva haiwezi kuibadilisha ikailinganisha na ya spika nyingine.

Halafu soma desibeli kwenye karatasi ya spika, yaani inatoa sauti kubwa kiasi gani kwa nguvu ile ile. Zangu za pembeni zilikuwa 92, ya katikati 87. Kila desibeli 3 zinadai nguvu mara mbili, kwa hiyo pengo la 5 ni kama mara tatu. Resiva inaongeza yenyewe, lakini kwenye milipuko spika ya katikati ndiyo iliyokuwa ya kwanza kulemewa. Omu (ukinzani wa umeme wa spika) zikitofautiana kati ya spika na spika si tatizo, maana kila moja ina njia yake kwenye resiva. Hakikisha tu resiva yako inaruhusu ile yenye omu ndogo kuliko zote.

Sabufa, ile spika ya besi, weka ya chapa yoyote. Ukiweka resiva impelekee sabufa sauti zote za chini ya hezi 80, besi ya chini ya hapo sikio halijui hata inatokea upande gani.

Kabla hujanunua chochote, ingia kwenye resiva uiambie spika ya katikati haipo. Maongezi yatagawanywa kushoto na kulia, na ukikaa katikati kabisa utaapa kuna spika chini ya skrini. Nilikaa hivyo miezi kadhaa, na kwangu ilikuwa bora kuliko ile isiyofanana. Ila mke wangu, anayekaa mwisho wa kochi, alikuwa anasikia kila mtu anaongea kutoka upande wake tu.

Mwishowe nikapata ya katikati ya toleo langu, imetumika, imechubuka pembeni. Niliirudia ile filamu. Yule mtu akavuka skrini nzima na sauti yake ile ile.

Ukienda kujaribu, washa mlio wa majaribio wa resiva, ule wa "shhhh" unaozunguka spika moja baada ya nyingine, kisha fumba macho. Mlio ukihama kutoka kushoto kuja katikati na "shhhh" ikageuka kuwa "hhooo", hiyo spika iache.